Betri Mbili

Februari, Skipton. Mfereji umeganda kingoni.
Bata wanatembea juu ya maji kwa uangalifu,
kama watu waliovua viatu mlangoni.
Mashua yetu ni ya chuma, ndefu, nyembamba:
nikinyoosha mikono nagusa ukuta na ukuta.
Kodi ya nyumba ilitushinda, tukaja kuishi majini.

Jua la huku halichaji kitu.
Tukanunua jenereta jekundu, la mtumba,
kwa Ackroyd, jirani wa mashua ya pili.
Akasema: liwekeni nchi kavu, mbali na madirisha,
upepo uchukue kila kitu upeleke kule.
Akaonyesha kwa kidole, nikaitikia.
Manyunyu yalipoanza nikalihamishia sitaha ya nyuma,
chini ya turubai, karibu na mlango, lisilowe.

Nililionea huruma jenereta.

Jioni ile Lusajo anatazama mpira, rimoti ikagoma.
Darini kuna kidude cheupe tulichokikuta humo,
hakijawahi kutuambia neno.
Nikapanda kitini, nikakitoa betri zake mbili.
Rimoti ikafanya kazi, bao likafungwa.
Nani angelalamika?

Kichwa kikaanza kuuma,
kama kamba inayokazwa na mtu mwenye subira.
Nikasema ni mafua. Lusajo akasema ni mafua.
Subilaga, miaka sita, akatapika chai yake,
tukasema ni shuleni, wanaambukizana.
Watu watatu, mafua yale yale, nusu saa ile ile:
hesabu ya darasa la kwanza, na hatukuijumlisha.

Na mimi ni mzaliwa wa Makete!
Nawajua kina Mahenge, mlango wa tatu kutoka kwetu,
walioingiza jiko la mkaa chumbani mwezi wa saba,
wakakutwa asubuhi wamejifunika vizuri.
Nilimwona mama kila usiku akilitoa jiko nje
makaa yakiwa mekundu bado,
moto mzuri kabisa ukipotea uani,
nasi tukimlilia.
Alijibu bila kugeuka:
"Baridi itawaliza. Hiyo nyingine haimlizi mtu."

Nilidhani nimeiacha kule, pamoja na magunia ya mkaa.
Sikujua inapanda hata mashua,
kwamba petroli ni ndugu yake vilevile.
Moshi una ustaarabu wake: unakohoza,
unawasha macho, unapiga hodi.
Hii haina rangi, haina harufu, haina hodi.
Inakaa kitini pako na kukuomba usinzie.

Hodi ilipigwa na Ackroyd,
kwa spana, juu ya paa la chuma, kwa hasira.
Alikuja kulalamika. Saa mbili imepita,
majenereta yote yanatakiwa kuzimwa, yeye anataka kulala.
Nikafungua nikiwa na jibu langu la kisirani,
nikalisahau katikati ya sentensi.
Akanitazama. Akatazama turubai.
Hakumalizia malalamiko yake.

Nakumbuka mkono wake kwenye kola yangu.
Nakumbuka Lusajo akibishana kwamba mpira haujaisha,
magoti yake yakiwa uji.
Nakumbuka ndara za Ackroyd, za manyoya, zimelowa,
na sauti yake kwenye simu ikitaja namba ya daraja
mara tatu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

Tukakaa kwenye nyasi zenye sakitu,
hewa ikiingia kifuani kama visu visafi.
Subilaga hakuwa na sauti. Nikamtikisa.
Nikamtikisa tena.
Kisha akaanza kulia baridi,
kwa nguvu, mpaka mashua nyingine zikawasha taa,
nami nikamshika kichwa nikamwambia: lia.
Lia, mwanangu. Usinyamaze.

Siku hizi jenereta linakaa mbali, nchi kavu.
Mvua ikinyesha haliwashwi,
tunakaa gizani tukisikilizana.
Rimoti haina betri.
Anayetaka kubadilisha chaneli anainuka.