Bawa Lililopita Mlango

Tulilipa yuro nne, tukapewa tiketi ya karatasi
na onyo: inamisheni vichwa, ngazi hushukwa kinyumenyume.
Kinu hiki hakina mchi.
Mchi wake ni upepo, na upepo asubuhi ile
ulikuwa umechelewa kazini.

Wytske Hoekema, msagaji wa Jumamosi
(siku nyingine hufundisha hesabu),
alifungua mlango kwa bega.
"Msiguse breki," alisema. "Wala msiiamini."

Ndani, giza lenye harufu ya shayiri na nta.
Meno ya gurudumu ni ya mbao, sabini na ushei,
moja tu jipya, jeupe,
kama jino la mtoto kinywani mwa ajuza.
Kwenye boriti mtu alichonga kwa kisu mwaka 1781
na hesabu ya magunia, ikakatikia kwenye saba.
Nani alimwita? Chakula? Moto?
Wytske hajui. Hakubuni.

Kisha akatutoa nje, akatufundisha kusoma.
Bawa la chini likisimama kabla ya mlango,
likiwa bado linakuja, ni furaha:
kuna harusi, kuna mtoto.
Likisimama likiwa limeshapita,
dhiraa moja tu,
ni msiba.
Nilitazama, nikatazama tena.
Kwa jicho langu, ni mamoja.

"Baba alipofariki," alisema, akikaza tanga kwenye bawa
kama anayemvisha mtoto asiyetaka shati,
"kinu kilikaa hivyo wiki sita.
Halafu nikaja kukisogeza. Peke yangu.
Dhiraa moja.
Sijapata kusukuma kitu kizito kama kile."

Maji ya mfereji yakakunjamana,
ng'ombe wakageuza vichwa,
na bawa la kwanza likapita mbele yetu:
fuu. Kimya. Fuu.
Jiwe juu ya jiwe likaanza kunung'unika,
sakafu ikatupanda magotini,
na unga ukashuka mfukoni, vuguvugu,
kama kitu kilichoamshwa usingizini.

Nilinunua kilo moja.
Kwenye treni mfuko ulivuja;
nikafika hotelini na paja moja jeupe.
Sikulipangusa hadi usiku.