Nukta za Saa Nane

Juni, Isongole. Ukungu unaingia zahanati
bila hodi, unakaa kwenye benchi na wanaosubiri.
Taa ya sola imekohoa, imezima.
Nimebana tochi ya simu kati ya bega na shavu.

Kitandani yuko Tusekile, uzao wa tatu,
anauma pindo la kitenge asiwaamshe waliolala.
Sakafuni, juu ya godoro lenye mpira uliochanika,
Atuganile, miaka kumi na tisa,
ameshuka kutoka mashamba ya viazi
na beseni lake: pamba, wembe, uzi,
khanga tatu, moja ya mama mkwe,
glavu jozi mbili.
Nilizihesabu tena, kana kwamba zitazaana.

Muuguzi ni mmoja, ndiye mimi.
Mwenzangu yuko semina Tukuyu,
anafundishwa kujaza patografu.

Karatasi ile naijua kama njia ya kwetu:
kila nusu saa usikilize moyo wa mtoto, uweke nukta,
nukta ishikane na nukta;
na uchungu ukivuka mstari wa hatari, uite gari.
Gari linasubiri tairi tangu Pasaka.

Saa saba na nusu niliweka pembe ya mbao
juu ya tumbo la Atuganile, nikainamisha sikio:
ti-ti-ti-ti, mvua ya kwanza juu ya bati.
Nikaweka nukta.
Ndipo Tusekile akasema, kwa sauti ndogo,
"Sista, anakuja,"
na akaja kweli, mabega mapana,
kitovu kimemzunguka shingo mara mbili,
kimya.
Nikamfuta, nikamsugua mgongo, nikafinya mfuko wa hewa,
finya, achia, finya, achia,
mpaka akakunja uso
akatoa sauti ya bawaba isiyo na mafuta.
Kisha damu ya mama. Sindano. Kiganja juu ya tumbo,
kiganja, kiganja, hadi likawa gumu.

Nilipogeuka ilikuwa saa kumi kasorobo.
Nukta nne hazikuwepo.
Atuganile alikuwa ananitazama tu.
"Mbona hukuniita?"
"Niliona una kazi."

Alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, mzima,
analia kama anayedai chenji yake.
Ile ilikuwa bahati. Naiita kwa jina lake.

Asubuhi, chai imepoa, nikachukua kalamu ya bluu.
Saa nane: mia na arobaini.
Saa nane na nusu: mia na thelathini na sita.
Tisa. Tisa na nusu.
Moyo nisioupima
ulipiga vizuri sana kwenye karatasi.

Wakaguzi wa wilaya walifungua faili, wakafurahi.
Asilimia mia.
Wakauliza kama ndoo ya kunawia ipo.
Ipo.
Hawakuuliza kama ina maji.
Wala hapakuwa na kisanduku cha kuuliza
nani alimwambia yule binti wa sakafuni,
"Nipo, nimekuona, nakuja."
Hakuna aliyemwambia.

Siku hizi, usiku ukiwa na wanawake wawili,
mikono ikiwa kwa huyu, mdomo nautuma kwa yule:
"Mama Gwamaka, nakusikia.
Ukihisi kusukuma, piga ukuta, usinionee haya."
Na ukuta hupigwa, na mimi huruka,
na mara nyingine siwezi kuruka.

Patografu naiacha na mashimo yake.
Mganga mkuu aliweka kidole: hapa patupu,
na hapa, na hapa, kuna nini?
Nikamwambia, hapo nilikuwa kitanda cha pili.
Akatazama chumba. Kitanda ni kimoja.
Akatazama godoro.
Akashika kalamu hewani muda mrefu,
halafu akaifunga.

Sijui kama ameomba muuguzi mwingine.
Friji ya chanjo inanguruma.
Nje, mtu anakokota miguu kwenye kokoto,
anapumzika, anakokota tena.
Nachemsha maji.