Samaki Hapandi Ngazi

Ctibor alikuwa fundi wa lifti,
na fundi wa lifti huipima dunia kwa kwenda juu.
Tangi alilijenga hivyohivyo:
arobaini kwa arobaini, kimo tisini,
vioo vya lifti kuukuu iliyong'olewa mtaa wa pili,
lipenye kati ya friji na ukuta
kama mgeni aliyebanwa kwenye picha ya harusi.
Kwenye kioo kimoja imebaki namba 7,
kibandiko chekundu kilichoshinda kisu.
Akafa Novemba, maji hayajatiwa.

Februari nikachoka kutazama hewa iliyosimama wima.
Nikapanda tramu hadi soko la samaki la Jumapili,
Brno imeganda, wanaume wana barafu masharubuni,
na ndani ya ukumbi joto, unyevu, harufu ya mwani.

Bi Halouzková hakuniamkia.
"Urefu?"
Tisini, nikasema.
"Urefu wa kulala, mama. Si wa kusimama."
Arobaini.
Akavuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni.

Nikamwonyesha wale wa samawati, wa maziwa ya Afrika.
"Hao wakimbiaji. Kila dume ataka uwanja,
na uwanja wako ni kigae kimoja cha bafuni."
Basi wale wadogo, waishio ndani ya makombe ya konokono?
"Hao ni watu wa chini. Uwajengee ghorofa,
halafu wote wakae sakafuni?"
Na wale wa mviringo, kama sahani za sikukuu?
"Hao wataka kundi, wataka joto,
wataka mkono wako majini kila uchao.
Hebu ulete mkono."

Akanipima kwa utepe wa fundi cherehani,
ncha ya kidole hadi kwapani, watu wakitutazama.
Sitini na nne.
"Basi sentimita ishirini na sita za chini
ni za Mungu. Nunua koleo refu."

Kisha, kwa sauti ya chini kidogo:
tangi lako lina mdomo mdogo na tumbo refu,
pumzi huingilia mdomoni, tia pampu ya hewa.
Samaki hapandi ngazi, huenda mbele, hugeuka, hurudi;
muhimu kwake ni pa kugeukia.

Ndipo akanionyesha skalari.
Ukoo uleule wa perege, ila huyu
amefinywa mashavu akawa bapa kama bahasha,
pezi refu juu, pezi refu chini,
milia myeusi, kama aliyetoka kitandani na pajama.
Wangapi?
"Wawili. Wakiwa watatu, mmoja ni mshitakiwa."
Nikafungua pochi.
Akaifunga kwa mkono wake.
"Maji mapya hayajui adabu. Yatie leo,
rudi baada ya wiki sita."

Nikarudi. Alikuwa ameniwekea jozi pembeni,
karatasi imebandikwa: YA MJANE WA LIFTI.
"Wameshachaguana wenyewe. Bei ni ya ndoa,
usiniombe nipunguze."
Sikuomba.

Nyumbani lifti imekwama,
kama ilivyozoea tangu Novemba.
Mfuko wa maji kifuani, ndani ya koti,
nikazipanda ngazi kwa niaba yao,
nikipumzika ghorofa ya tatu, ya tano,
nikihisi kitu kikigeuka polepole juu ya mbavu zangu.

Sasa ni Juni.
Wana tisini nzima za kwenda juu,
wao wamechagua mahali pa upana wa kiganja,
karibu na ile 7, wakapanga mayai kwenye kioo,
safu kwa safu, yanayong'aa kama chembe za sukari.
Jike anayapepea. Dume anakishambulia kidole changu
kila nikielekeza kumwonyesha mtu.
Hakuna mtu, lakini naelekeza.

Juzi lifti imetengenezwa.
Naisikia ikipita nyuma ya ukuta,
inapanda, inasimama, inashuka;
friji linatetemeka kidogo.
Samaki hawageuki kuitazama.