Arubaini

"Usipite arubaini," kasema Fundi Shaame,
kidole chake kikigonga kioo cha spidi,
"mpaka mita isome mia tano.
Wala usishike mwendo mmoja. Panda, shuka, ipe pumzi.
Pistoni bado mgeni humo ndani,
hajajua pa kupita."

Jioni ile ile, Gando, mama mkwe
akanizuia mlangoni, mkono juu ya mwimo:
"Arubaini, Khatibu. Hesabu vidole
vya mikono na vya miguu, kisha rudia."
Nyuma yake maji ya majani ya mkwaju yakichemka,
Mkasi akiguna, akikandwa,
na kitu kidogo kikilia kama breki mpya.

Alfajiri naiwasha uani, Limbani,
naiacha inung'unike polepole
kama mtu anayesoma kimoyomoyo.
Jirani anafungua dirisha, anafunga.

Kisha njia ya Gando.
Kanipita Mbarouk na pweza wake juu ya baiskeli,
akageuka kunitazama uso, aone kama naumwa.
Likanipita gari la mchanga.
Watoto wa skuli wakanisindikiza mbio hadi kidarajani,
mmoja viatu mkononi:
"Mjomba, imeharibika?"
Haijaharibika. Ni mpya.
Hebu mweleze mtoto hilo.

Mkasi kwa dirishani, sauti bila uso:
"Naisikia tangu Ukunjwi.
Nikitiliwa chai unakuja,
chai ikipoa bado unakuja."

Siku ya kumi na tisa, mteremkoni, hapana mtu.
Mkono wa kulia ukajifanyia wake.
Hamsini. Hamsini na tano.
Upepo ukanifungua kifungo cha shati.
Kisha nikasikia, au nilidhani nasikia,
kama mchanga kwenye meno.
Nikarudi arubaini na haya zangu,
kama aliyefunua chungu saa tisa mchana
mwezi wa Ramadhani.

Asubuhi ya siku yenyewe mita inasema
mia nne tisini na saba.
Fundi kakataa. "Tatu bado, yakhe."
Nikazunguka Jadida, Bopwe, nikarudi.

Tukaimwaga ingali moto.
Spana namba kumi na saba, nati ikalia mara moja,
oili ikashuka ndani ya dishi bovu la kufulia.
Nilingoja rangi ya asali, ile niliyoiona ikitiwa.
Ikatoka kama chai ya msibani iliyosahauliwa jikoni,
na jua lilipoingia dishini
vumbi la fedha likazunguka humo,
zuri, zuri la kutisha.

"Pamekatika wapi?"
"Hapakukatika popote. Vyuma vimekwaruzana,
vimepeana nafasi.
Ingetoka safi ningekwambia uirudishe dukani."

Nikaikumbuka ile sahani ya buluu,
mwaka wetu wa kwanza, na mlango uliobamizwa,
na mimi nimelala kwa kaka yangu siku tatu.
Sikusema kitu. Nikamshikia tochi.

Oili chakavu kaichukua Faki seremala
apake nguzo za banda, mchwa wasije.
Mpya ikaingia, lita moja kasoro kidogo,
na kijiti cha kupimia kikafutwa kwa fulana yangu.

Mchana Mkasi katoka,
kanga mpya bado yanuka duka,
mguu ukijaribu ngazi kama maji ya kisimani.
Hakunitazama mie kwanza, kaitazama pikipiki.
"Mie nimeshatoka. Na hii?"
"Nayo."
"Basi leo usinichoshe njiani."
Akanipa mtoto nimshike wakati akijifunga mtandio.

Mikono sikuikumbuka.
Kwenye shali jeupe, chini ya kidevu,
dole gumba langu, jeusi, mistari yote yasomeka.
Mama mkwe ameifua kwa sabuni,
kwa ndimu, kwa jivu.
Ipo.