Ukurasa wa Nyuma

Julai ile, Newala, ukungu uliingia hadi jikoni
na salfa ilikuwa bado kwenye nyusi za Baba,
manjano, kama nyuki aliyetoka kazini.
Mama akasema: Lete daftari.
Nililokuwa nalo ni la Kiswahili, kidato cha pili.
Nikaligeuza, nikaanzia nyuma,
kwa sababu nyumbani kwetu
mimi ndiye niliyejua kugawanya.

Tajeni, nikasema. Wakataja
kwa sauti ya watu wanaotubu.
Chama cha akiba na mikopo, milioni moja na laki tatu.
Shaweji, aliyenunua korosho zetu kwa kangomba
zingali maua, laki sita.
Kausha damu, laki nne na nusu
(hapo Baba alikohoa; Mama alikuwa hajui).
Kikoba cha akina Somoe, laki mbili na ishirini.
Dukani kwa Nantule, chumvi, sabuni, vocha,
themanini na nne elfu, na mia tano.
Usiisahau mia tano, alisema Mama,
Nantule haisahau.

Nikapiga mstari. Nikajumlisha mara mbili.
2,654,500.

Ipo njia, alisema Baba.
Binamu yake Chinyama, kule Mtwara mjini,
alikwenda mahakamani akaandikiwa kwamba hana.
Muflisi. Karatasi, muhuri, basi.
Akija Shaweji unamwonyesha karatasi.
Wakija kausha damu na pikipiki zao, karatasi.
Halafu unalala, alisema,
na neno hilo alilitamka
kama mwenye njaa anavyotaja wali.

Na mikorosho?
Wanauza.
Na baiskeli?
Wanauza.
Na jina?
Baba aliukuna ukucha wake wa gumba.
Jina hawauzi, alisema. Halina mnunuzi.

Mama hakucheka. Akaanza kuagiza, nami nikaandika.
Maji, ndoo nne kwa siku, kila ndoo mia tano:
weka tatu.
Sukari, futa.
Jioni ming'oko, wala msiniulize mboga.
Unyago wa Tabia, usogeze mwaka.
Mdogo wangu, aliyejifanya kalala,
akavuta shuka hadi juu ya kichwa.
Salfa usifute, Baba akadakia,
ukifuta salfa umefuta na msimu.
Hapo tu ndipo walipokubaliana usiku ule.

Nikagawanya.
Miezi hamsini na miwili, nikasema,
ikiwa hakuna atakayeugua,
wala atakayefiwa,
na riba ikikaa kimya kama mgeni mwenye haya.

Miezi hamsini na miwili ya kuoga nusu mwili!
alisema Baba, na safari hii Mama alicheka,
kicheko kifupi, cha puani, akakirudisha haraka.

Wanasema dawa ya deni kulipa.
Hawasemi inauzwa duka gani,
wala kama Nantule anaikopesha.

Nikauliza, maana hesabu haikuwa imekamilika:
hiyo karatasi ya Chinyama ni shilingi ngapi?
Baba akahesabu kwa vidole. Wakili, laki tano.
Nauli ya kwenda na kurudi, mara tatu, labda nne,
na mahali pa kulala.
Nikashika kalamu.
Niiandike upande gani, nikauliza,
wa madeni au wa matumizi?

Hakuna aliyenijibu.
Tochi ya simu ilipungua mwanga, na chaji ilikuwa mia tatu
kwa jirani mwenye sola, nayo hatukuwa tumeiandika.

Jumatatu mwalimu Mnali alikusanya madaftari.
Langu lilirudi na alama ya vema, wino mwekundu,
pembeni ya 2,654,500,
na chini yake: Hesabu sahihi.
Lakini hili ni daftari la Kiswahili.

Nilimwonyesha Mama ile vema.
Aliitazama kwa muda mrefu,
akaigusa kwa kidole kuona kama wino umekauka,
kama mtu anayekagua risiti.