Kumi na Saba

Kwenye ramani ya ofisi hauna jina:
uzi wa buluu, mfupi kama kope,
umeangukia penye mkunjo wa karatasi.
Mimi nalipwa kuusoma kila alfajiri
kwenye ubao mweupe wenye namba,
chini ya daraja la magogo, juu kabisa ya Moshi.

Hauna chemchemi ya kupigia picha.
Jasho la mlima tu, chini ya mizizi ya mkuyu.
Hatua arobaini unatambaa kwenye ukoka. Kisha jiwe,
kisha unajifunza kelele.
Kuliani msitu, na mbega
wanaodondosha majani waliyoyatafuna nusu;
kushotoni kihamba cha Aikaruwa,
ambaye mfongo wake hunywa robo ya mto
Jumanne na Ijumaa.
Siku hizo naandika: umepungua.
Sababu siandiki.

Kuna kona moja unarudi nyuma,
unatazama ulikotoka
kama mtu aliyesahau ufunguo mlangoni.
Hapo maji ni meusi, na baridi yake huuma hadi kucha.

Baada ya daraja sijui.
Wanasema unaingia kwenye mto mwingine, mkubwa,
na jina la huo ndilo hufika mjini.

Leo ni kumi na saba. Nimejaza.
Kisha pembeni, kwa penseli,
mahali pasipo na safu,
nimeandika anavyouita Aikaruwa
akiinama kuzibua tope la mfongo, kanga imelowa:
Kisambo.
Penseli hufutika. Najua.
Kesho nitaandika tena.