Mshenga wa Nikeli

Saa tisa usiku, Makambako, mwezi wa saba.
Upepo unapekua mabati ya kiwanda
kama askari anayetafuta gongo.
Mafuta ya alizeti yamo mtungini tangu jioni,
moto upo, haidrojeni ipo, mgandamizo upo,
na hayagandi.

Chengula ananiletea kijiko cha tano.
"Dada Tusekile, hebu tazama."
Bado maji. Manjano, kaidi,
yananiangalia kama mtoto aliyeambiwa alale.

Nikeli ni mshenga. Ndivyo nilivyomfundisha
siku aliyokuja kuanza kazi na buti za kuazima.
Mshenga haoi, haolewi, mahari haigusi.
Haidrojeni huja wawili wawili, pacha walioshikana;
yeye huwaketisha, huwaachanisha taratibu,
huwakabidhi kwa mafuta,
kisha hupangusa kiti
kwa ajili ya wanaofuata.
Unga wote ule mweusi, bei yote ile,
tunanunua viti vilivyo wazi.

Usiku huu viti vimekaliwa.

Nimenusa pipa moja moja kwa tochi ya simu.
La kumi na mbili, kutoka Wanging'ombe:
chini ya rangi mpya ya bluu
kuna herufi nne zilizokataa kufutika, SALF,
na kwenye mshono wa kitako
vumbi la njano la kupulizia njegere.
Labda kijiko cha chai. Pipa zima, kijiko cha chai.

"Kumbe salfa inaichukia nikeli," akasema Chengula.

Hapana.
Ingeichukia ingepita zake.
Inaipenda, tena ikishakaa haiondoki.

Nikamsimulia baba mdogo Ambakisye,
aliyetumwa Ilembula kumposea kaka yangu.
Ilikuwa masika, ulanzi unadondoka wenyewe,
na wenyeji wale, jamani, wakarimu!
Siku ya kwanza kigoda, ya pili kigoda na nyama,
ya tatu akaimba sifa za mwenye nyumba.
Jibu letu likakaa kwenye mfuko wa koti lake
wiki mbili, likanuka moshi,
na binti akaolewa Tukuyu.
Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemroga.
Walimpenda tu, akashindwa kunyanyuka.

Mara ya pili walimtuma na mkewe, mama mdogo Bupe,
ambaye hakusema neno mle ndani.
Alikaa nyuma yake, kidole kwenye mbavu.
Kabla ya jua kutua walikuwa barabarani
na ahadi, na kuku wa njiani.

Hilo nalo liko kwenye vitabu vyangu.
Mbolea anayoililia kila mkulima wa Ismani
ilianzia kwenye chuma kilichotiwa potashi kidogo.
Potashi peke yake haifungi ndoa yoyote.
Inakaa nyuma ya chuma, inakipa ujasiri,
na naitrojeni, bahili yule, anafungua mkono.
Bibi yangu hakujua jina hilo.
Alichoma maganda ya maharage,
akachuja majivu, akatia tone chunguni,
mboga ngumu ikasalimu amri.

"Basi tuioshe nikeli," Chengula akasema,
"tuitie majivu."
Nikacheka mpaka kifua kikauma kwa baridi.
Majivu ni ya chuma, mdogo wangu, si ya huyu.
Na aliyekaliwa hivi haoshwi.
Kilo kumi na nane, tumezichuja, tumezifunika
zisije zikashika moto kwa hasira.

Saa kumi na moja treni ya Tazara inapiga honi.
Tajiri atauliza nani alaumiwe.
Nimeandika: pipa namba 12, lisirudi tena.
Nimeandika kilo, na saa, na jotoridi.
Kigoda cha Ilembula sikukiandika.

Narudi ofisini na chai ya tangawizi, vikombe viwili.
Chengula amelala kwenye kiti changu,
buti, siku hizi ni zake, juu ya daftari.
Namwangalia.
Nanywa changu nikiwa nimesimama,
halafu, kikianza kupoa, na chake.